Uhakiki Uliokosa Matini: Programu za Kiswahili na Maktaba Zetu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani iliyotoka karibuni. Safari hii nawaomba radhi. Kazi ninayotaka kuihakiki haina kurasa, na mbaya zaidi ni kwamba sikufanikiwa kuisoma. Ni programu ya kompyuta iitwayo Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2004. Makala haya kwa hiyo yanahusu matini ambayo wengi wetu tumeitaja darasani, na baadhi tumeitungia hata maswali ya mtihani, lakini ambayo kutoka Jinja hadi Mbale sikupata mtu hata mmoja wa kunionyesha ikifanya kazi.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ninayemsimamia hapa Mbale alileta pendekezo la utafiti juu ya Kiswahili cha programu za kompyuta na simu. Simu yake ameiweka katika Kiswahili, na kila siku anaona neno "Mipangilio". Akajiuliza: neno hili lilichaguliwa na nani, lilishindana na maneno gani, na lilianza lini? Alitaka kulinganisha Kiswahili cha programu za mwanzo na hiki cha simu za leo. Pendekezo likapita bila matatizo. Baada ya wiki sita akarudi na furushi la makala kuhusu istilahi za kompyuta, uso umemshuka kidogo.

"Mwalimu," akaniambia, "hawa wananukuliana tu. Katika hizi nilizozipata hakuna anayesema aliifungua programu yenyewe."

Nilidhani anatafuta kisingizio. Nikazichukua nikazisoma mwenyewe usiku ule, na nikaona kwamba ana haki. Nyingi zilikuwa na orodha ile ile ya safu mbili, Kiingereza upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia: kompyuta, tarakilishi au ngamizi, kipanya au puku, kibodi au baobonye, wavuti na tovuti. Orodha hufuatiwa na mjadala wa mbinu za uundaji wa istilahi: ukopaji, uunganishaji, tafsiri sisisi, upanuzi wa maana. Mimi nami nimefundisha hivyo kwa miaka mingi. Ni sawa na kuhakiki tamthilia kwa kusoma orodha ya wahusika.

Kwa faida ya wanafunzi ambao mwaka 2004 walikuwa bado hawajazaliwa, nieleze historia yake kwa ufupi. Mradi wenyewe uliitwa Kilinux. Uliendeshwa na Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, kwa fedha za shirika la maendeleo la Sweden, Sida. OpenOffice ilikuwa programu ya kazi za ofisi: kuandika, kupiga hesabu za jedwali, kuandaa mawasilisho. Leseni yake iliruhusu mtu yeyote kuinakili, kuibadilisha na kuigawa bure, na ndiyo sababu kikundi cha wasomi na vijana wa chuo waliweza kuitafsiri bila kumwomba mtu ruhusa. Mwezi Juni mwaka huo huo kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa imetangaza kwamba itatoa Windows na Ofisi kwa Kiswahili, na miaka iliyofuata ikatoa vifurushi vyake. Kwa hiyo katika muda mfupi Kiswahili, ambacho hakikuwa na programu hata moja kubwa ya ofisi, kilijikuta na tafsiri mbili zinazoshindana, moja ya umma na moja ya biashara. Sioni tukio jingine la tafsiri katika miaka ile lililogusa istilahi nyingi kiasi hicho kwa mara moja. Lugha nyingi zenye wasemaji wengi zilikuwa bado zinasubiri.

Mimi nilipata nakala yangu Mlimani nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili. Mwenzangu wa bweni aliichoma kwenye CD, akaandika jina kwa kalamu ya wino mzito, akanipa. Nilirudi nayo Jinja, nikaitumia miezi kadhaa, kisha kompyuta ikabadilishwa na CD ikaingia kwenye droo. Ninachokumbuka zaidi ni ubishi kuliko menyu zenyewe. Tulibishana usiku kucha kama sehemu ya kutazamia ukurasa iitwe Mwonekano, Mandhari au Tazama, na mwenzetu mmoja kutoka Tanga alikasirika hasa akasema kwamba Mandhari ni mambo ya mlima na bahari. Nani alishinda katika programu yenyewe? Singependa kuapa kwa kumbukumbu ya miaka karibu ishirini.

Basi nikaitafuta CD ile. Kompyuta yangu ya sasa haina hata mahali pa kuiingiza. Tulikwenda kwa kijana fundi karibu na mnara wa saa hapa mjini Mbale, ambaye ana mashine moja ya zamani yenye Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Aprili 2014. CD ilizunguka, ikakwaruza, ikaonyesha majina ya mafaili machache, kisha ikasimama. Fundi akaipangusa, tukajaribu tena, safari hii haikuonyesha kitu. Alitueleza jambo ambalo nadhani kila mkutubi anapaswa kulijua: CD inayochomwa nyumbani huandikwa kwenye tabaka jembamba la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto, mwanga na unyevu. Droo yangu iko chini ya paa la mabati. Kumbe kwa miaka yote ile nilikuwa naichemsha polepole.

Hapa pengine msomaji atauliza kwa nini nisitosheke na orodha za istilahi, kwa kuwa maneno yamo. Hili ndilo suala ninalotaka kulitilia mkazo, kwa sababu ni la kiisimu kabla ya kuwa la maktaba.

Chukua neno "Funga". Likisimama peke yake katika orodha, halijulikani kama linafunga dirisha, linafunga programu nzima, au linafunga simu kwa nenosiri. Kiingereza kina maneno tofauti kwa kazi hizo. Sisi tuna moja, na lazima mfasiri aamue kama atalitumia mara zote au atatafuta jingine. Uamuzi huo hauonekani isipokuwa mtu abonyeze aone kinachotokea. Au chukua "Hifadhi", ambalo ni kitenzi cha kuamrisha na papo hapo ni nomino. Je, kitufe kinamwamuru mtumiaji, au mtumiaji ndiye anayeiamuru mashine? Wako wafasiri wanaoandika "Kuhifadhi" ili kukwepa amri, na wako wanaoona kwamba kitufe chenye "ku-" ni kirefu bure. Hii ni mitindo miwili ya lugha, na kila mmoja unamchukulia msomaji kwa namna yake.

Tatizo kubwa zaidi ni la ngeli. Programu huandikwa kwa sentensi zenye pengo: mahali fulani patajazwa jina la kitu ambacho mfasiri hakijui. Kwa Kiingereza inatosha kusema kwamba kitu hicho kimefutwa, na neno halibadiliki. Kwa Kiswahili picha imefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, maneno yamefutwa. Mfasiri hawezi kujua pengo litajazwa na ngeli gani. Atafanya nini? Anaweza kuweka "imefutwa" kila mahali na kuomba msamaha kwa Mungu. Anaweza kutanguliza neno la jumla, aseme "kipengee" fulani kimefutwa, na sentensi ikawa sahihi lakini nzito kama barua ya mahakama. Anaweza kukwepa kabisa, aseme "Kufuta kumekamilika". Hata neno "faili" lenyewe halina makao: wengine husema faili hili na mafaili haya, wengine faili hii na faili hizi, na programu inapohesabu faili 1 na faili 5 ugomvi huo hujitokeza waziwazi kwenye kioo.

Wanafunzi wangu hulipenda sana somo la upatanisho wa kisarufi wakiona mifano ya namna hii, kuliko wanavyoipenda mifano ya kitabu. Lakini hapo ndipo ninapokwama. Wafasiri wa Dar es Salaam walichagua njia ipi? Walikuwa na msimamo mmoja au kila mmoja alifanya lake? Ujumbe wa makosa ulianza kwa "Tafadhali", kwa "Je", au kwa amri kavu? Haya ndiyo maswali ya uhakiki wa tafsiri, nayo hayajibiwi na jedwali la maneno mia mbili mwishoni mwa makala. Yanajibiwa na programu inayofunguka.

Kifurushi cha Microsoft kina ugumu wake. Hakikuwa programu kamili. Kilikuwa ngozi ya Kiswahili inayovishwa juu ya Windows ya Kiingereza iliyokwisha kuwekwa, na palipokosa tafsiri Kiingereza kilichungulia. Kwa mtu anayesoma uchanganyaji msimbo, skrini ya namna hiyo ni hazina: sentensi inaanza kwa Kiswahili na kitufe kilicho chini yake ni Kiingereza. Ila kukihifadhi kifurushi peke yake ni kazi bure. Inabidi kuhifadhi toleo lile lile la Windows lililo chini yake, nambari yake ya uhalali, na mashine au kitu kinachojifanya mashine. Tena hapa hakuna ruhusa ya kunakili na kugawa kama ile ya OpenOffice. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Maktaba ya Mbale ingeweza kukaa na Jambo OpenOffice kihalali tangu siku ya kwanza. Haikuhitaji barua wala senti.

Kipo kipande kimoja kilichosalimika, na kisa chake kinafundisha. Msomi wa Kenya, Jason Githeko, alitengeneza orodha ya maneno ya kukagulia tahajia ya Kiswahili ambayo ilifanywa itumike katika OpenOffice. Kampuni ya Sun iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Mwaka huo huo baadhi ya waandaaji wakajitenga wakaanzisha LibreOffice. Katika misukosuko yote hiyo orodha ya Githeko ilihama pamoja na watu, na hadi leo imo miongoni mwa kamusi za LibreOffice, ikiwa na jina lake. Ilipona kwa sababu ni faili la maandishi matupu, leseni yake iko wazi, na watu wengi wana nakala. Hakuna maktaba ya Afrika Mashariki inayoweza kujisifu kwamba iliiokoa.

Kwa upande wa kamusi za mtandaoni hali ni ya kusikitisha kwa namna nyingine. Wenzangu wa rika langu wanaukumbuka mradi wa Kamusi ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiingia katika mkahawa wa intaneti mjini Jinja na kulipia nusu saa, hiyo ndiyo kamusi uliyoifungua. Baadaye mradi ulihama Yale na sura yake ikabadilika. Leo ukitaka kuona ulivyokuwa, utakwenda katika Internet Archive, ghala la San Francisco ambalo tangu mwaka 1996 linapiga picha za kurasa za intaneti. Ghala la namna hiyo hukuonyesha ukurasa, rangi zake na kisanduku cha kutafutia. Unaandika neno, unabonyeza, na hapatokei jibu, kwa sababu kilichopigwa picha ni ukurasa tu. Hifadhidata na programu iliyokuwa ikijibu nyuma yake havikuwamo. Ni kama kuhifadhi jalada la kamusi na kuzitupa kurasa zake.

Linganisha na Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi neno lilivyobadilika anafungua toleo la 1981, la 2004 na la 2013 juu ya meza moja, na mambo yamekwisha. Kila toleo lina mwaka wake na halimezi lililotangulia. Programu za siku hizi humeza. Simu hujisasisha usiku ukiwa umelala, na neno lililokuwapo jana halina kaburi.

Nisije nikaonekana ninawalaumu watu wa kompyuta peke yao, nieleze kisa cha maktaba. Chuo kimoja cha Jinja, ambacho sitakitaja, kilikuwa na katalogi yake katika CDS/ISIS. Wasomaji walio wakutubi wanaijua vizuri: ni programu ya UNESCO ya kutunza orodha za vitabu, ambayo toleo lake la kompyuta ndogo lilitoka mwaka 1985 na kugawiwa bure kwa maktaba za nchi kama zetu. Kwa miaka mingi ilikuwa uti wa mgongo wa maktaba nyingi za Afrika Mashariki. Chuo kile kilipoingiza katalogi yake humo, kikaona kadi za zamani zinajaza nafasi, kikazichoma moto. Miaka ikapita. Kompyuta ikafa, ikaletwa mpya, na Windows za kisasa za biti 64 haziwezi kuendesha programu za biti 16 za enzi ile. Faili lenye rekodi zote lilikuwapo, limenakiliwa kwa uangalifu katika diski mbili. Hakuna aliyeweza kulisoma. Kwa muda wa miaka kama minne maktaba ile ilikuwa na vitabu na haikuwa na orodha ya vitabu.

Kilichoniuma mimi ni kwamba humo mlikuwa na orodha ya insha za utafiti za walimu waliosomea pale, zikiwemo za Kiswahili: methali za Wasoga zilizofasiriwa, Kiswahili cha askari katika kambi ya Jinja, majina ya samaki huko Masese. Kazi za mikono, nakala moja moja, hazimo kwenye intaneti. Bila katalogi hazikuwa na anwani.

Hatimaye yule yule fundi wa mnara wa saa ndiye aliyetuokoa. Alitumia DOSBox, programu ya bure inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya miaka ya 1980. Ndani ya dirisha jeusi dogo CDS/ISIS ikaamka na kuuliza jina la hifadhidata, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulichukua alasiri moja kuzitoa rekodi katika muundo wa kubadilishana ambao programu mpya za maktaba, kama Koha, zinaweza kuupokea. Mkutubi, mzee aliyezianzisha rekodi hizo mwenyewe, alikaa kimya akisoma vichwa vya insha kimoja baada ya kingine. Baadhi ya insha zenyewe hazikuonekana tena kwenye rafu. Lakini sasa angalau tunajua tunatafuta nini.

Mfano huo unatosha kuonyesha kwamba kuhifadhi programu si anasa ya mataifa tajiri wala makumbusho ya mashine kuukuu. Data ilikuwapo yote, nzima. Kilichokosekana ni programu ya kuisoma. Majalada ya utawala wa wilaya ya enzi ya ukoloni, yaliyoandikwa kwa mkono na taipureta, bado yanasomeka mtu akiyafuta vumbi. Kazi ya mwaka 2004 ndiyo iliyotushinda.

Nimelizungumza jambo hili na mkutubi mmoja ninayemheshimu sana hapa Mbale, naye hakukubaliana nami. "Ndugu mwalimu," alisema, "mchwa wanakula vitabu, umeme unakatika mchana kutwa, na wewe unataka nikutunzie CD ambazo hakuna atakayeziomba." Hoja yake siibezi. Mtu mwenye rafu zinazoliwa hawezi kuanza kujenga maabara ya kompyuta za kale. Vilevile ni kweli kwamba wasomaji wa Jambo OpenOffice hawatapanga foleni. Ila nadhani anachanganya ukubwa wa jina na ukubwa wa mzigo. CD moja haizidi megabaiti 700. Flashi ya gigabaiti 32, inayouzwa na vijana wa simu mtaani, inabeba nakala kamili za CD zaidi ya arobaini. Kinachohitajika ni nakala kamili ya diski nzima, wala si kuchukua mafaili yanayopendeza tu. Ni kuziweka nakala mbili au tatu mahali tofauti. Ni kuandika kwenye karatasi programu hii ilitoka wapi, lini, na ilihitaji mfumo gani. Na ni kukokotoa alama ya uthibitisho ya kila faili, ile namba ndefu inayobadilika hata herufi moja ikiharibika, ili mwakani mtu aweze kujua kama nakala bado ni nzima. Karatasi ile ndiyo muhimu zaidi, na hapo wakutubi ni mabingwa kuliko watu wa kompyuta.

Wenzetu wa ng'ambo wamekwenda mbali zaidi. Ufaransa, taasisi ya Inria ilianzisha mwaka 2016 mradi wa Software Heritage unaokusanya misimbo ya programu kutoka hazina za wazi za dunia nzima, na mwaka 2017 UNESCO ikatia nao saini ya makubaliano. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, chuo kile kile alikoanzia Kamusi, imekuwa tangu mwaka 2018 ikiongoza mradi wa kuwawezesha wasomaji kufungua programu za zamani kwa kutumia kompyuta igizi. Huko Helsinki, kazi ambayo Arvi Hurskainen aliianza mwaka 1985 ya kuchanganua Kiswahili kwa kompyuta, yaani SALAMA, ilizaa kongoo kubwa ya Kiswahili ambayo toleo lake la pili, la mwaka 2016, linatunzwa na Benki ya Lugha ya Finland. Mwanafunzi wa Mbale akitaka kuchunguza matumizi ya kiambishi "-ka-" katika matini nyingi za magazeti ya Tanzania, njia yake inapita Finland. Nawashukuru Wafini kwa dhati, na papo hapo naona haya.

Hata hivyo miradi hiyo haitatufanyia kazi yetu. Msimbo ukihifadhiwa Paris bado haukuambii kwa nini wafasiri walichagua neno hili wakaacha lile. Mabishano yetu ya Mlimani juu ya Mandhari hayamo katika msimbo. Yamo katika barua pepe za watu, katika kumbukumbu za vikao, katika vichwa vya watu walio hai, wengi wao wakiwa sasa na umri wangu au zaidi. Programu ya tafsiri huhifadhiwa pamoja na ushuhuda wa walioitafsiri, kama vile mhakiki wa mashairi ya kale anavyohitaji muswada na maelezo ya mnakili.

Nasi hapa Uganda tuna sababu ya pekee ya kuharakisha. Tangu mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wapya wa Busoga na Bugisu hunipigia simu kuuliza: tufundishe tarakilishi au kompyuta? Nami huwajibu kwa kuwaambia watu wanasemaje Walukuba na Namatala, ambako sijawahi kumsikia mtu akisema tarakilishi isipokuwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Lakini hilo ni jibu la sikio langu tu. Jibu la haki lingeonyesha neno lilivyojaribiwa katika programu hii na ile, likapokelewa hapa, likakataliwa pale. Kitabu kinachochapishwa nchini kina mahali pa kupelekwa kisheria: Makerere tangu mwaka 1958, na Maktaba ya Taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Programu iliyotafsiriwa na vijana wa chuo na kugawiwa mkononi ilipelekwa wapi?

Mwanafunzi wangu ilimbidi abadilishe mada. Badala ya kulinganisha zama mbili, alieleza Kiswahili cha simu yake kama kilivyokuwa katika juma moja la mwezi Machi. Alipiga picha kila skrini, akaandika tarehe na nambari ya toleo chini ya kila picha, akazichapa zote kama kiambatisho. Ni kazi nzuri. Nimeiombea nafasi katika maktaba. Siku alipokuja kunionyesha nakala iliyojalidiwa, tuliweka simu kando ya kiambatisho ili tujifurahishe. Ilikuwa imejisasisha usiku uliotangulia. Picha mbili hazikufanana tena na simu.

CD yangu nimeiweka katika bahasha ya karatasi, mbali na mabati. Kama yuko msomaji aliyesoma Dar es Salaam kati ya mwaka 2005 na 2010 na ana nakala yake, au ana kompyuta ya zamani yenye programu hiyo ndani, namwomba afike nayo katika ofisi ya idara siku yoyote ya kazi. Asiiwashe kwanza, na CD asiipanguse kwa kitambaa.